Kumi na Saba na Tatu: Niliyoyaona Uwanjani Buffalo

Jumatatu ya tarehe 15 Januari 2024, kabla hakujapambazuka, mimi na mwanangu wa kwanza tulisimama langoni mwa uwanja wa Highmark, Orchard Park, kusini mwa mji wa Buffalo, kila mmoja na beleshi lake begani. Klabu ya futiboli ya Kimarekani ya Buffalo Bills ilikuwa imetangaza kwamba inatafuta watu wa kuzoa theluji kwa dola 20 kwa saa, pamoja na chakula. Mechi ya mtoano dhidi ya Pittsburgh Steelers ilikuwa ichezwe Jumapili mchana. Dhoruba ilipozidi, gavana wa jimbo la New York, Kathy Hochul, akatangaza kwamba imesogezwa hadi Jumatatu saa kumi na nusu jioni, na magari yakakatazwa barabarani. Tulikuwa tumejifungia ndani tukisikiliza upepo ukipiga kuta kama mtu anayetaka kufunguliwa.

Tulipoingia sikuona viti. Uwanja ule ulikuwa na nafasi ya watu zaidi ya 71,000, na asubuhi ile hakikuonekana kiti hata kimoja. Ulikuwa mteremko mmoja mweupe kutoka juu hadi chini. Eneo la kuchezea lilikuwa limechimbwa ardhini, karibu mita 15 chini ya usawa wa barabara, kwa hiyo theluji ikishaingia mle haikuwa na pa kutokea mpaka itolewe na mikono ya watu.

Kwetu Kongo kazi ya namna hii tunaiita salongo. Nilizaliwa Fizi, nikavuka Ziwa Tanganyika na wazazi wangu mwaka 1996 nikiwa na miaka kumi na miwili, nikakulia kambi ya Nyarugusu, na huko Watanzania wakatufundisha kuiita msaragambo. Salongo naijua tangu utoto: kufyeka njia, kuzibua mfereji, kuezeka darasa. Lakini sikuwahi kuona salongo ya watu mia kadhaa wakichimba viti ili wengine wakae kutazama mchezo. Tulipangwa wawili wawili kwa kila mstari. Mmoja anavunja theluji iliyoganda juu ya kiti, mwenzake anaisukuma hadi kwenye mfereji, nayo inateleza mpaka chini kwenye matrekta. Baada ya saa moja mgongo ulikuwa unawaka na vidole sivihisi. Jirani yangu wa mstari wa juu, mwanamume wa makamo mwenye ndevu zilizoganda barafu, aliniambia amechukua likizo kazini kwake ili aje. Nikamuuliza kama dola 20 zinamtosha. Akasema angekuja hata bila kulipwa, maana kiti kile anachokichimba ndicho alichokaa na baba yake.

Saa ya mechi ilipokaribia, majukwaa mengi yalikuwa bado yamefunikwa. Mashabiki wakaingia, kila mmoja akajichimbia mwenyewe, kwa mikono, kwa vipande vya boksi. Waliketi ndani ya mashimo yao kama ndege kwenye viota, kichwa na mabega tu vikionekana. Kisha Josh Allen, yule anayerusha mipira, akaupata mpira na badala ya kuurusha akakimbia nao yadi 52 mpaka mstari wa mwisho. Umati wote ukainama, ukachota theluji kwa mikono miwili na kuirusha angani. Hewa ikawa nyeupe. Nilikuwa nimeishi Buffalo karibu miaka minane na nilidhani nimeshaiona theluji ya kila aina, lakini ile iliyopanda kutoka chini kwenda juu, ikitoka mikononi mwa watu wanaopiga kelele za furaha, nilikuwa sijaiona. Bills wakashinda 31 kwa 17.

Mwanangu, aliyekuwa na miaka kumi na tisa wakati ule, alinigeukia uso wote umelowa. "Mama, umeona?" Nilikuwa nimeona.

Theluji hii ina mama yake, na mama yake ni Ziwa Erie. Mwanzoni mwa majira ya baridi maji ya ziwa yanakuwa bado na joto kidogo la kiangazi. Upepo mkavu wa baridi unapopita juu yake unabeba unyevu, unafika nchi kavu na kuumwaga wote mahali pamoja. Ndiyo maana mtaa mmoja unazikwa na mtaa wa pili unaona jua. Novemba 2022 Orchard Park ilipata karibu mita mbili za theluji kwa siku chache, mechi ya Bills na Cleveland ikahamishiwa Detroit, na wachezaji walitoka majumbani mwao kwa sababu majirani walikuja na mabeleshi wakawachimbia njia. Nami ni mtoto wa ziwa. Ziwa letu lilitupa ndagala na mikeke. Hili linatoa theluji, na watu wake wamejifunza kuishi nalo kama sisi tulivyojifunza kuishi na letu.

Sikuingia uwanjani kwa kuupenda mchezo. Niliingia mwaka 2017 kufagia majukwaa baada ya mechi, kazi ya zamu, mwaka mmoja na kitu tangu tufike kutoka Nyarugusu. Futiboli ya Kimarekani niliiona kama ugomvi uliovalishwa kofia ngumu. Mpira wenyewe umechongoka pande mbili kama papai dogo, mguu unaugusa mara chache, na kila baada ya sekunde kadhaa kila kitu kinasimama. Dakika za mchezo ni 60 lakini utakaa pale saa tatu. Nilikuwa nikijiuliza watu hawa wanatazama nini.

Mwanangu ndiye aliyenifungua macho. Alikuwa ameujulia shuleni. Jioni moja alichukua maharage niliyokuwa nachambua, akayapanga mezani kumi na moja huku, kumi na moja kule. "Mama, hawa wana nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10," akasema. Yadi 10 ni kama mita 9. Wakifaulu wanapewa nafasi nne nyingine, wakishindwa wanawaachia wenzao. Wakiufikisha mstari wa mwisho ni tachidauni, pointi 6. Wakiona hawafiki, wanaweza kuupiga kwa mguu upite katikati ya nguzo mbili za njano, pointi 3. Akasogeza maharage yangu mpaka nikaelewa kwamba kule kusimama ndiko mchezo ulipo, kwamba kila wanaposimama wanapanga shauri jipya. Tangu siku ile nilianza kutazama vituo. Mambo ya ajabu niliyoyaona uwanjani, karibu yote, yalitokea mpira ukiwa umesimama.

Maegesho yana mambo yake. Saa nne tano kabla ya mechi watu wanafika na majiko ya mkaa na redio kubwa. Vijana wanapanda juu ya magari na kuruka mgongo kwa mgongo juu ya meza za kukunja mpaka zinavunjika vipande viwili, na wenzao wanashangilia. Yupo mzee mmoja, maarufu huko kwa miaka mingi, ambaye huchoma nyama juu ya boneti ya gari lake kuukuu jekundu, Ford Pinto, kisha watu wanamzunguka na kummwagia sosi ya nyanya na haradali tangu utosini hadi viatuni. Mara ya kwanza kuliona hilo niliondoka. Nimepanga foleni ya mgao wa unga nikiwa na mtoto mgongoni, na siku nyingine kipimo kilipunguzwa. Chakula kilichomwagwa kwa furaha kiliniuma. Nimefanya kazi na watu hawa miaka mingi sasa, nawapenda, na jambo hilo moja bado linaniuma.

Upepo wa tarehe 6 Desemba 2021 ni habari nyingine. Ilikuwa usiku wa Jumatatu, New England Patriots wamekuja, na upepo wa ziwa ulikuwa umeshuka ndani ya lile shimo la uwanja ukizunguka kama maji kwenye beseni. Nguzo za njano ziliyumba kama migomba. Nilikuwa juu kabisa nikikusanya makopo na kila niliposhika moja mawili yaliniponyoka. Basi Patriots wakaamua kutorusha. Katika mchezo ambao mrushaji ndiye mfalme, kijana wao Mac Jones alirusha mpira mara tatu tu usiku mzima. Mara 46 walikimbia nao, wakaukumbatia kama mtoto, wakagonga ukuta wa Bills, wakaanguka, wakainuka, wakarudia. Watu wa karibu nami walicheka, baadaye wakanuna, mwisho wakanyamaza. Patriots wakashinda 14 kwa 10.

Mwanangu hakusema neno njia nzima ya kurudi. Mimi nilikuwa namkumbuka baba. Alikuwa mvuvi, na upepo ukigeuka hakubishana nao. Alishusha tanga, akashika kasia, akarudi pole pole akiambaa ufukwe. Wavuvi wenzake waliomcheka, wengine hatukuwaona tena. Usiku ule kocha wa Patriots, Bill Belichick, alifanya kama mvuvi mzee. Nililisema hilo nyumbani na mwanangu alinuna siku mbili, lakini sikulifuta.

Sasa nifike kwenye lile ambalo hadi leo nikilisimulia sauti yangu inabadilika.

Tarehe 2 Januari 2023 Bills walikuwa ugenini Cincinnati. Tulikuwa nyumbani sote, wali na sombe viko mezani, televisheni inaendelea. Katika robo ya kwanza Damar Hamlin, kijana wa Bills wa miaka 24 aliyevaa namba 3, alimkaba Tee Higgins wa Bengals. Mkabo wa kawaida. Alisimama. Akapiga hatua. Kisha akaanguka chali kama mti uliokatwa, wala hakujaribu kujikinga kwa mikono.

Nimeona wachezaji wengi wakiumia. Huwa kuna tangazo la biashara, machela, mtu ananyanyua kidole gumba, mchezo unaendelea. Safari hii hapakuwa na kuendelea. Wachezaji wa Bills walipiga magoti wakamzunguka ili kamera zisimwone, na mapengo ya duara lao yalionyesha migongo ya watu inayopanda na kushuka. Walikuwa wakimbonyeza kifua. Moyo ulikuwa umesimama. Denny Kellington, mmoja wa wahudumu wa tiba wa timu, ndiye aliyetajwa baadaye kuwa alianza kumbonyeza, na mashine ya kuushtua moyo ikatumika pale pale uwanjani. Wanaume wenye miili kama milango ya gereji walikuwa wanalia bila kuficha nyuso. Uwanja mzima wa Cincinnati, mashabiki wa wapinzani, ulikuwa kimya. Saa moja hivi baadaye mechi ikaahirishwa, na haikuchezwa tena kamwe.

Mume wangu alizima televisheni, mimi nikaiwasha tena. Sikuweza kueleza kwa nini. Ukweli ni kwamba sikuwa nikimwona Hamlin. Nilikuwa namwona mtoto wa jirani yetu Nyarugusu, miaka mingi nyuma, kwenye kiwanja cha vumbi, siku ya mechi ya kandanda ya vijana. Alipigwa na mpira kifuani kutoka karibu. Akasimama, akatabasamu, akaanguka. Tulimwagia maji. Tukampepea kwa kanga. Mmoja akamshika miguu akiiinua, mwingine akaanza kuomba kwa sauti. Tulimpenda sote, na miongoni mwetu wote, watu zaidi ya mia, hakuna aliyejua kuweka mikono juu ya kifua chake na kubonyeza. Alizikwa kesho yake. Mama yake aliambiwa na watu kwamba amelogwa, na aliishi na neno hilo.

Madaktari baadaye walieleza kilichompata Hamlin: pigo la kifuani lililotua katika kipande kile kidogo sana cha sekunde ambacho moyo hauwezi kuvumilia kuguswa, likauvuruga mpigo wake. Linatokea kwa nadra, na huwapata zaidi vijana wanamichezo. Niliposikia maelezo yale nilikaa kwenye ngazi za nyumba kwa muda mrefu. Hakulogwa, mwana wa watu. Nilimpigia simu dada yangu aliyebaki kambini nikamwomba amtafute mama yule amweleze. Alimpata. Mama alinyamaza kwanza, kisha akaomba aelezwe tena, pole pole, tangu mwanzo.

Mwezi wa pili mwaka ule kanisa letu lilileta mwalimu wa huduma ya kwanza. Katikati ya kifua, mikono miwili mmoja juu ya mwingine, viwiko vimenyooka, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike. Tulijifunza kwa mwanasesere wa plastiki sakafuni. Wamama wa kwaya walipata mdundo kabla ya wote. Mwalimu alipiga saa yake akashangaa jinsi walivyoupatia. Nami nilipopiga magoti mbele ya yule mwanasesere nililia, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Lakini nirudi nyuma kidogo, tarehe 8 Januari, siku sita baada ya Hamlin kuanguka. Alikuwa ameshazinduka hospitalini, na jambo la kwanza aliloliuliza, kwa kuandika kwenye karatasi maana alikuwa na mrija wa kupumulia kooni, ni kama wameshinda. Bills walikuwa nyumbani dhidi ya Patriots. Kila ukuta, kila kofia, kila shavu la mtoto lilikuwa na namba 3. Mimi nilikuwa kwenye ujia chini ya majukwaa, nasukuma pipa la taka, kwa hiyo mwanzo wa mechi ile niliusikia tu. Kwanza filimbi. Kisha sauti ya kawaida ya umati. Kisha sauti ikaanza kupanda, ikapanda, haikukatika, mpaka saruji juu ya kichwa changu ikatetemeka na vumbi likaanguka begani. Niliacha pipa nikakimbia hadi mwanya wa ngazi. Nyheim Hines alikuwa ameudaka mpira wa kwanza kabisa wa mechi na kukimbia nao yadi 96 hadi mwisho. Mpira wa kwanza! Askari wa mlangoni, mtu mkavu ambaye miaka yote hakuwahi kunisalimu kwanza, alinikumbatia huku akilia. Baadaye Hines akafanya vile vile tena, yadi 101. Hamlin alikuwa akitazama kitandani kwake Cincinnati. Matokeo yalikuwa 35 kwa 23.

Msimamizi wetu wa zamu, bibi wa kizungu aliyekaribia miaka sabini, alisema hajawahi kuusikia uwanja ukilia vile tangu Januari 3, 1993. Sisi Wakongo tulizoea kumwita Bibi, naye alilipenda jina hilo. Alikuwa pale tangu uwanja ukiitwa Rich Stadium. Siku hiyo ya 1993, alisimulia, Houston Oilers walikuwa mbele 35 kwa 3 mapema katika robo ya tatu, na Bills wakimtumia mrushaji wa akiba, Frank Reich. Watu wakaanza kuondoka. Wakiwa kwenye magari redio zikawaambia Bills wamepata tachidauni, tena nyingine, tena nyingine. Wakageuza. Walipofika milangoni wakakatazwa kuingia, wakaruka ua, wanaume wenye koti za ofisini wakininginia kwenye nyaya. Mwisho ukawa 41 kwa 38, Bills. Bibi aliisimulia mara nyingi, na kila mara alimalizia kwa wale waliobaki vitini muda wote, ambao aliwaheshimu kuliko wachezaji.

Lakini hadithi yake niliyoitunza ni nyingine, na si ya uwanjani hata kidogo. Mwaka 1991 huko Tampa, Bills walikuwa nyuma kwa pointi moja, 20 kwa 19, katika fainali kubwa, Super Bowl, zimebaki sekunde chache. Scott Norwood akapewa mpira aupige kutoka yadi 47. Ukapita kulia mwa nguzo. Kesho yake timu ikarudi Buffalo, na maelfu ya watu wakajaa uwanja wa Niagara Square katikati ya mji. Bibi alikuwapo, amembeba binti yake. Alidhani watu wamekuja kuzomea. Badala yake wakaanza kuliita jina la Norwood. Wanamtaka Scott. Waliliita mpaka akasogezwa mbele, na alipozungumza machozi yalikuwa yanamlenga.

Sikuielewa hadithi hiyo sawasawa mpaka Januari 21, 2024, siku sita tu baada ya sisi kuchimba viti. Kansas City Chiefs walikuwa wamekuja. Baridi ya kukata masikio, na katikati ya baridi ile niliona mwanamume mkubwa mwenye ndevu, kifua wazi, akitoka kwa dirisha la chumba cha wageni maalumu na kushukia kwa mashabiki, akinguruma kwa furaha, kisha akamnyanyua msichana mdogo ili amwone Taylor Swift ndani ya chumba kile. Nilimdhania mlevi aliyepotea. Mwanangu akaniambia ni Jason Kelce, mchezaji wa Philadelphia Eagles, kaka yake Travis Kelce wa Chiefs. Watu walimpigapiga mgongo mtupu kama ndugu wa harusi.

Mwishoni mwa mechi hakuna aliyekuwa anacheka. Bills walikuwa nyuma 27 kwa 24, zimebaki chini ya dakika mbili, na Tyler Bass akaja kupiga mpira wa kusawazisha kutoka yadi 44. Nilikuwa nyuma ya nguzo zile za njano, nafuata mpira kwa macho. Ukaanza vizuri. Kisha ukakata kulia. Kulia tena, miaka thelathini na mitatu baada ya Norwood. Kimya kilichofuata sijakisikia mahali pengine ila msibani, wakati jeneza linapotoka nyumbani. Bibi alikuwa kando yangu. Hakumtazama mtu. "Masikini kijana," alisema tu.

Usiku ule watu walimtukana Bass mitandaoni mpaka akafunga kurasa zake. Kesho yake wengine wakakumbuka kwamba kijana yule alikuwa akisaidia kituo kimoja cha kuokoa paka, kando ya Buffalo. Wakaanza kutuma pesa kwa paka, kwa jina lake. Dola 22, dola 22, maana jezi yake ilikuwa namba 2. Ndani ya siku chache zikapita dola laki moja.

Mwanangu alikuja jikoni na simu mkononi akasema ametuma dola 22 kati ya zile za beleshi. "Za paka?" nikamuuliza. "Za Bass, Mama," akajibu.

Ndipo alinikalisha akanieleza desturi yote, kama siku ile ya maharage. Desemba 31, 2017, Andy Dalton wa Cincinnati alirusha mpira uliowatoa Baltimore na kuwaingiza Bills kwenye mtoano baada ya miaka 17 ya ukame. Watu wa Buffalo wakaufurika mfuko wake wa hisani kwa dola 17, 17, mpaka zikawa mamia ya maelfu. Bibi yake Josh Allen alipofariki Novemba 2020, wakatuma dola 17, namba ya jezi ya mjukuu, kwa hospitali ya watoto ya Buffalo, zikazidi milioni moja. Hamlin alikuwa na mchango mdogo wa kununulia watoto wa kwao vitu vya kuchezea, akitafuta dola 2,500. Alipokuwa amelazwa hospitalini ulipita dola milioni nane.

Nilimsikiliza huku mikono yangu ikiwa ndani ya unga. Miaka yote nilikuwa nimewaona watu hawa kama wageni wangu wa ajabu, wavunja meza, wamwaga sosi. Kumbe wana mchango. Wana salongo. Mtu akianguka wanachanga, tena wanachanga kwa namba yake, ili yeye mwenyewe akiona hesabu ajue ameitwa kwa jina.

Mwezi wa tatu tulipata msiba. Mama wa mmoja wa wazee wetu wa kanisa alifariki Nyarugusu, na mwana hakuweza kusafiri kumzika. Jumapili baada ya ibada tukachanga, kama kawaida yetu, sahani mezani na mweka hazina na daftari lake, akitaja jina na kiasi kwa sauti. Vijana walitangulia. Mwanangu akaweka pesa zake. Mweka hazina akazihesabu, akazihesabu tena, akamtazama juu ya miwani. Noti ya kumi, ya tano, na mbili za moja.

"Mwanangu, ulitaka kuweka ishirini?"

"Hapana, baba. Ni kumi na saba."

Watu wakageuka. Akaeleza kwa Kiswahili, kwa heshima, akisimama wima: bibi aliyefariki, mjukuu mwenye namba mgongoni, watoto wa hospitali. Akasema mama aliyefariki naye ni bibi wa mtu. Mfiwa alikuwa ameinama tangu ibada ianze. Aliinua uso. Mweka hazina akaandika 17, akaitaja kwa sauti ile ile aliyotajia ishirini na hamsini za wengine.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa na noti ya ishirini mkononi. Nikamwomba aniandikie mistari miwili: kumi na saba, kisha tatu.